Nukta Moja Juu ya Shavu

Niliingia katika kazi ya picha kwa sababu ya kiganja changu. Wakati huo nilikuwa karani katika duka la uchapishaji River Road, ghorofa ya chini, nikipanga kadi za mialiko na vitabu vya risiti. Juu yetu, ukipanda ngazi mbili zenye giza, kulikuwa na studio ya mama mmoja wa Mombasa. Siku moja, Idd ikiwa imepita juzi tu, alishuka hadi mlangoni petu na buibui lake, akanyoosha shingo, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya, kisha akaniambia mimi, msichana pekee mle dukani, "Mwanangu, niazime mkono." Nilidhani ana mzigo wa kubebwa. Nikapanda naye.

Huko juu nikamkuta bibi arusi ameketi kwenye kiti cha mbao, nywele wazi, amerembwa hadi macho yanaogopesha. Wanawake Waislamu wa mjini walimpenda yule mama kwa sababu katika studio yake hakuna mwanamume aliyepita pazia la pili, hata awe mume wake. Akanisimamisha kando ya yule msichana, akaniambia ninyooshe kiganja mbele ya uso wake. Akachungulia kwenye kamera, akabonyeza kitu, akazungusha kigurudumu, akasema basi, ahsante, nirudi kazini.

Mimi si mtu wa kutumwa nikaondoka bila kuuliza. Nikamuuliza huo ni uganga gani. Akanionyesha viganja vyake: vilikuwa vimejaa hina, vyekundu hadi ncha za vidole. Siku zote alipima mwanga kwa kiganja chake mwenyewe, maana viganja vya watu, wawe weusi au maji ya kunde, havitofautiani sana. Lakini kiganja chenye hina kingeidanganya kamera, na kamera, alisema, hudanganyika upesi kuliko mwanafunzi mpya wa chuoni.

Ningeshuka hapo hapo na mambo yakaishia hapo, ila wakati wa kutoka nilitazama ukuta wake. Ulijaa nyuso. Kulikuwa na wanawake wa Pwani, Wanubi, Wasomali, wazee wenye kanzu, na hata masista wawili wa Kikatoliki, na miongoni mwao wengine walikuwa weusi kama mimi au kunishinda, na kila mmoja alikuwa na weusi wake. Mmoja alikuwa na weusi wenye wekundu kwa ndani, mwingine weusi wa biringani. Hakuna aliyefifia, hakuna aliyepauka kama aliyepakwa majivu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi nilisimama pale nikijua kwamba hivi vimeundwa na mtu anayejua anachofanya. Nilikaa sana hadi tajiri wangu akanipigia kelele kutoka chini.

Lazima nieleze kwa nini ukuta ule ulinishika hivyo. Nyumbani kwetu Waithaka, sebuleni, kuna picha ya harusi ya wazazi wangu, iliyopigwa kanisani kwetu Ukambani. Baba alikuwa maji ya kunde, na anaonekana vizuri, amekunja uso kama anayedaiwa. Mama ni mweusi kabisa. Katika picha ile mama ni gauni jeupe, ni maua, ni glavu, halafu juu ya shingo kuna doa. Ukikaza macho unaona meno. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na hiyo ndiyo picha pekee waliyopiga wawili.

Kila mgeni aliyekuja kwetu aliitazama picha ile akaganda. Hapo mama alikuwa akiinuka kitini, anaenda ukutani, anaweka kidole juu ya lile doa na kusema, "Huyu ni mimi." Kisha anacheka na kusema mpigapicha alimkata kichwa bila kisu. Wageni walicheka naye. Mimi sikuwahi kucheka. Nilipokuwa mdogo niliona aibu, na nilipokua nikaona hasira, na mpigapicha yule ana bahati kwamba hatujawahi kukutana.

Basi nikawa napanda ngazi zile kila saa ya chakula cha mchana. Yule mama hakuniomba ada. Alinipa tu kazi ya kukata picha za pasipoti na kufagia, na mimi nikamwita Mwalimu. Mwanzoni alikataa, akasema mwalimu ni wa chuoni, yeye ni mfanyabiashara. Nikaendelea kumwita hivyo mpaka akachoka kukataa.

Alinifundisha kama watu wa kwao wanavyofundisha kupika, yaani bila kipimo cha maandishi na bila kurudia. Somo la kwanza lilikuwa kwamba kamera haijui iko mbele ya nini. Inaona mwanga tu, na kila inachokiona inataka kukifanya rangi moja, ya majivu. Ionyeshe mzee wa kanzu nyeupe, itasema mwanga umezidi, itafunga jicho, na uso wa mzee utazama gizani. Ionyeshe mwanamke wa buibui jeusi, itasema mwanga haba, itafungua, na uso wa mwanamke utaungua uwe mweupe kama chapati mbichi. Nilimsikiliza nikiona gauni la mama na ukuta mweupe wa kanisa. Kumbe yule mpigapicha hakumchukia mama yangu. Aliiachia kamera iamue, na kamera ikaamua gauni.

Kamera ina namna kadhaa za kupima, akaniambia. Namna moja hutazama picha nzima na kupiga wastani, na hiyo ndiyo wavivu wote huiacha kama ilivyotoka dukani. Nyingine hutazama zaidi katikati. Ya mwisho hutazama nukta moja tu, ndogo kama punje ya mahindi katika kile kitundu cha kuchungulia, na mengine yote haiyajali. Hiyo ndiyo aliyoipenda. Unaweka punje ile juu ya shavu, unapima hapo tu.

Lakini hapo napo kuna mtego, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu kwelikweli. Ukipima shavu jeusi, ile kamera kaidi italichukua shavu lenyewe na kulifanya la majivu. Uso utaonekana, ndiyo, lakini utakuwa umepauka kama wa mtu asiyejipaka mafuta siku tatu. Kwa hiyo ukishapima unarudisha mwanga chini kwa kile kigurudumu, mibofyo miwili, mitatu, minne, kulingana na mtu. Nikamuuliza nitajuaje ni mingapi. Akanitazama kama niliyeuliza chumvi ni chembe ngapi.

"Mtazame mtu kwanza kwa macho yako," akasema. "Kamera itakwambia mwanga ni kiasi gani. Haitakwambia yeye ni mweusi kiasi gani. Hilo ulijue wewe."

Kuhusu fokasi, yaani kipi kitoke wazi katika picha, alikuwa mkali zaidi. Kamera ikiachwa ichague yenyewe, hushika kitu kilicho karibu au kilicho na mistari mingi: shada la maua, nakshi za leso, pua. Yeye alitaka nukta moja, na nukta hiyo ikae juu ya jicho lililo karibu. Tena alitaka kamera iendelee kumfuata mtu anapojongea, si ishike mara moja na kukwama. Na mwisho akaniambia nizime mlio, nizime na kile kitaa cha mbele, kale ka rangi ya chungwa kanakowaka gizani ili kuisaidia kamera kuona. Mpigapicha, kwa maoni yake, hana haja ya kutangaza.

Haya yote niliyafanya isipokuwa la mwisho. Niliupenda ule mlio. Kamera ikishika fokasi inalia pi-pi, na mimi moyo unatulia. Mlio na kitaa vilikuja tu nikiiweka kamera katika ile namna ya kushika mara moja na kukwama, kwa hiyo kila nilipokuwa peke yangu nilirudi huko. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwalimu alinituma Kenyatta Market nikajifunze. Alisema upande wa saluni ndio shule bora mjini: mlango nyuma una jua kali, ndani kuna giza, nywele ni nyeusi, nyuso ni nyeusi, na hakuna anayetulia. Nikaenda Jumamosi tatu na kamera yake ya pili, ambayo mpira wa kushikia ulikuwa umebanduka akaubandika kwa gundi ya viatu. Wasusi wa pale wana maneno. Moshi wa nyama choma ulikuwa unaingia kutoka upande wa pili, fokasi inatafuta mbele na nyuma kama mlevi anayetafuta ufunguo, na dada mmoja aliyekuwa akisuka akaniomba aone picha yake. Nikamwonyesha.

"Madam, umepiga mimi ama umepiga mlango?" akaniuliza. "Mlango imetoka poa sana."

Wenzake wakacheka mpaka mteja akalalamika kwamba anavutwa nywele. Nikarudi kwenye ile punje ya mahindi, nikaiweka shavuni mwake, nikapima, nikarudisha chini mibofyo mitatu, nikapiga tena. Mlango nyuma ukaungua ukawa weupe mtupu, na yeye akatokea, na weusi wake, na kijasho juu ya mdomo, na nywele za bandia ameziuma menoni. Akaishika kamera kwa muda. Hakusema kitu cha kuchekesha, akaniuliza tu naweza kumtumia kwenye simu. Jumamosi hiyo nilitembea hadi stejini nikijiona mtu.

Halafu dada yangu akaposwa.

Dada yangu ndiye mwenye sura ya mama. Mimi nilichukua macho ya baba na miguu yake mibaya, lakini yeye alichukua vyote vya mama, na weusi wote. Kwetu Wakamba siku ya mbuzi wa mahari inaitwa ntheo, na baada ya hiyo mtoto wa kike amekwenda, hata kama harusi ya kanisani ni baadaye. Lakini tumekaa Waithaka miaka mingi, na kwa majirani Wakikuyu tumeazima mchezo mmoja ambao siku hizi kila mtu anaucheza: bibi arusi anafichwa miongoni mwa wanawake wengine, wote wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, na bwana lazima amtambue mkewe. Akikosea, anatozwa faini. Akipatia, anamfunua yeye mwenyewe, mbele ya wote, na hapo ndipo vigelegele.

Wiki moja kabla, mama aliniita jikoni. Alikuwa anachambua mchele. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ametaka tulete mpigapicha mwenye vyombo vikubwa, wa video na ile ndege ndogo ya kuruka. Mama alikataa. Akasema picha zitapigwa na mimi.

"Sitaki mambo mengi," akaniambia bila kuinua macho. "Akifunuliwa pale, nataka uso wake uonekane. Asikuwe kama mimi."

Nikamwambia ataonekana. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na usiku ule nilijifunza kwa kumpiga dada yangu picha sebuleni, na zote zikatoka vizuri, na kiburi kikaingia.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu yanayofunguka na kufunga, siku mbaya kabisa kwa mtu wa kamera. Wageni walikuja wakaimba langoni, wakafunguliwa, wakaketi kwenye hema jeupe uani. Mimi nilikuwa chumbani nikimfunika dada yangu. Wanawake walikuwa watano: yeye, binamu zetu wawili, jirani, na mfanyakazi mwenzake ambaye ni mrefu na ilibidi akunje magoti. Kila mmoja leso mbili, zote za kitambaa kimoja, nyeupe yenye maua mekundu. Hata viatu walibadilishana. Wakapangwa sebuleni wamesimama, mapazia yamefungwa ili kumkomoa bwana. Dada yangu alikuwa wa tatu.

Sasa mimi nilikuwa najua ni wa tatu. Kosa likaanzia hapo. Wengine wote mle ndani walishika simu zao wakisubiri, lakini mimi, mtaalamu wa Kenyatta Market, nikaona nijitayarishe mapema. Nikaweka nukta yangu moja pale palipo na paji la uso wake chini ya leso. Kamera ilikuwa katika ile namna yangu ya siri, ya kushika na kukwama. Bwana akaingia na wazee wake. Sebule ikanyamaza. Nami nikabonyeza kitufe nusu, ili niwe tayari.

Kitaa kikawaka. Kilikwenda moja kwa moja, kimwale cha rangi ya chungwa, kikatua katikati ya paji la uso la mwanamke wa tatu, na kamera ikalia pi-pi.

Bwana hakutafuta tena. Alikuwa kijana mwaminifu, baadaye alikiri mwenyewe, lakini nani angeyafumba macho? Alitembea hatua nne, akasimama mbele ya dada yangu, akasema ni huyu. Hata chini ya leso nilimwona dada yangu akishtuka.

Shangazi alikuwa amesimama karibu nami. Yeye ndiye aliyeshika nafasi ya baba siku hiyo, na ni mwanamke ambaye hata akikuombea dua unahisi umekemewa. Akaukamata mkono wa bwana kabla haujagusa leso.

"Huyu ameonyeshwa," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Umeuza dada yako na tochi?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Upande wa bwana walikuwa wanacheka, upande wetu shangazi wengine wameanza kuongea wote kwa wakati mmoja, wengine wakisema nimehongwa. Shangazi akatoa hukumu hapo hapo: uchaguzi ule si uchaguzi, bwana atoke nje, wanawake wapangwe upya, na mimi nitoke nao wageni ili nisijue nani ni nani. Tena nikirudi nisimame kwenye ukingo wa zulia, nisisogee hata hatua moja karibu na wale wanawake. Na kwa kuwa giza ndilo lililoleta ile taa, mapazia yafunguliwe. Juu ya hayo, nikatozwa faini ya leso moja kwa kila aliyefunikwa.

Nikasimama uani na wakwe zetu watarajiwa. Sikuogopa shangazi. Nilikuwa nafikiria mapazia. Kila nilichopima asubuhi kilikuwa kimekwisha kazi: mwanga ulikuwa ule wa pazia, na sasa dirisha lingekuwa wazi, na hema jeupe lingerudisha mwanga ndani, na wanawake watano wamefunikwa nyeupe. Uso mmoja mweusi ungetoka katikati ya weupe wote ule, mara moja tu, na kamera ingetazama leso na kuamua leso. Nilimwona mama akiinuka kitini miaka mingi ijayo, akienda ukutani, akiweka kidole. Safari hii angesema, huyu ni mtoto wangu.

Nilizima mlio. Nilizima kitaa. Nikaiweka fokasi katika namna ya kufuata, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo na mtu aliyejua. Mikono ilikuwa inanitoka jasho, na gundi ya viatu ikaanza kuachia.

Tulipoitwa ndani nilisimama kwenye ukingo wa zulia kama mtoto aliyeadhibiwa. Kiganja changu hakikuwa na faida: mimi nilikuwa kivulini karibu na mlango, wao walikuwa kwenye mwanga wa dirisha. Nilihitaji mkono wa mtu pale walipo. Mama ndio kwanza alikuwa anaingia kutoka jikoni. Alikuwa ameambiwa na watu wanane akae chini kama mama wa bibi arusi, na bado alikuwa ametorokea jikoni kukanda chapati.

Nikamwita. Nikamwomba asimame karibu na wale wanawake, ainue kiganja. Shangazi akakunja uso lakini hakukataa, maana mama si mimi. Mama akainua mkono. Ulikuwa mweupe wa unga hadi kwenye kifundo.

Nikakumbuka hina. Nikashusha ile punje ya mahindi kutoka kwenye kiganja, nikaipandisha hadi kwenye uso wake. Alikuwa amejipangusa jasho kwa mkono uleule, na mstari wa unga ulipita juu ya shavu la kushoto. Nikaiweka nukta kwenye shavu la kulia, lililokuwa safi.

Sijui kama nimewahi kumtazama mama yangu namna ile. Unaishi na mtu maisha yako yote na humtazami. Ana makunyanzi matatu yanayoanzia kwenye jicho na kushuka. Weusi wake, ule ambao kamera ile ya zamani iliufanya shimo, una ubluu kidogo kwenye mfupa wa shavu mwanga wa dirisha unapogonga, na chini ya jicho una rangi ya udongo mwekundu. Ni mzuri. Nilisema moyoni, huyu mwanamke ni mzuri. Kamera ikanipa kipimo. Nikarudisha chini mibofyo minne, maana sasa nilijua ni mingapi, nikapiga moja ya kujaribu. Nikamwambia mama atoke.

Bwana akaanza kupita mbele yao. Safari hii hakuwa na msaada, na alipita hadi mwisho na kurudi. Wa kwake walianza kumhimiza. Alisimama mbele ya mmoja, akatazama chini kwenye miguu, ile miguu ya viatu vya kuazima. Dada yangu tangu utoto hasimami kwa miguu miwili. Huegemea mmoja, na mwingine huukunja nyuma kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Yeye alikuwa hajasahau.

Akasema ni huyu, wa kwanza kutoka dirishani. Shangazi akaitika kwa kichwa. Bwana akashika leso kwa mikono miwili akaiinua, na mimi nikawa nimeshaweka nukta, na nikapiga mara tatu. Ya kwanza fokasi ilishika ukingo wa leso. Ya tatu dada yangu alikuwa amefumba macho kwa vigelegele. Ya pili ndiyo. Katika ya pili anamtazama bwana, leso bado iko juu ya nywele, na uso wote upo pale, kila kitu, hata machozi yaliyokuwa yanaanza. Nilikaa chini kwenye zulia, lile nililokatazwa, na hakuna aliyenifukuza.

Jioni wageni walipoondoka nilimwonyesha mama kwenye kile kioo cha nyuma cha kamera. Aliitazama ile ya pili kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye kioo, akasema "Ameonekana." Akaanza kubonyeza mwenyewe, kama wanavyofanya wote, akarudi nyuma moja, akarudi nyuma tena, akasimama.

"Na huyu?" akauliza.

Nikamwambia ni ya kupima mwanga tu, ningeifuta. Alikuwa anajitazama, mkono umeinuliwa, unga shavuni, mdomo wazi kidogo kwa sababu alikuwa anamgombeza shangazi nilipobonyeza. Kisha akanirudishia kamera polepole, akaniambia nisifute.

Jumatatu nilimpelekea Mwalimu picha zote na nikakiri kwake habari ya kitaa. Alicheka hadi akalazimika kuketi, akanipiga begani, akasema leso tano ni bei rahisi kwa somo hilo. Picha ya dada yangu aliikuza kwenye kompyuta hadi jicho likajaa kioo, akahesabu kope, akasema ni safi. Alipofika kwenye ile ya mama alivuta kiti karibu na kompyuta. Nikamwambia naweza kuondoa ule unga kwa kompyuta, ni kazi ya dakika. Akaniuliza kama mama ndiye aliyeomba uondolewe. Nilikuwa nimemuuliza, na mama alisema unga ukae, siku hiyo alikuwa anapika. Mwalimu akaichapisha yeye mwenyewe, kubwa, akaitundika siku mbili kwenye ukuta wake kabla ya kunipa niende nayo.

Sasa iko sebuleni Waithaka, upande wa kushoto wa ile ya harusi. Hatukuiondoa ile ya harusi, baba yumo. Picha ya dada yangu iko upande wa kulia.

Mwezi uliopita walikuja kina mama wa kanisa, na miongoni mwao alikuwepo mgeni aliyehamia Waithaka juzi juzi, ambaye alikuwa hajawahi kufika kwetu. Mama alikuwa ameketi na kikombe. Yule mgeni akasimama mbele ya ukuta, akapita picha moja hadi nyingine, na mimi nikamwona mama akiweka kikombe chini na kushika mikono ya kiti ili ainuke, kama alivyoinuka maisha yangu yote.

"Aki hii ni yako, ulikuwa unapika chapati," mgeni akasema. "Na hapa kwa harusi ni wewe pia. Si ni hiyo meno?"

Mama akabaki ameshika kiti. Hakuinuka.

"Umenijua," akasema.